Sina shida yoyote, ila siku zangu zote ni moja

Shikamoo Mama,

Safu yako naisoma muda mrefu, na kila nikitaka kukuandikia naona aibu, kwa sababu wenzangu wanakuletea makubwa: waume waliokimbia, mirathi iliyoliwa, watoto waliopotelea mjini. Mimi sina hata kimoja. Mume ninaye, mtu mwema, hanipigi wala hanitukani. Watoto ni wawili, mmoja kidato cha pili na mwingine darasa la nne, wote wazima. Kazi ninayo, naandika risiti na kukagua stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Nyumba tumejenga Kigamboni, haijapigwa rangi kwa nje lakini ni yetu. Nikilalamika, dada yangu huniambia nakufuru.

Lakini Mama, sihisi kitu. Si huzuni, maana huzuni naijua, nilimzika baba yangu. Hii ni kama mtu aliyekula chakula bila chumvi muda mrefu mpaka amesahau kwamba chumvi ipo.

Naamka saa kumi alfajiri. Nachemsha chai, naandaa watoto, namfungia mume chakula chake. Saa kumi na mbili na nusu niko kwenye kivuko, nimebanwa katikati ya bodaboda na akina mama wenye matenga, tunavuka kwenda Magogoni. Kutoka hapo ni daladala mpaka Kariakoo. Mchana kutwa ni misumari, mabati, nondo na risiti. Jioni safari ni ileile kinyumenyume. Napita Feri kununua dagaa kama wapo, maana kuna siku wamejaa tele na kuna siku unaambiwa hakuna, bila sababu. Nafika nyumbani giza limeingia, napika, naosha vyombo, nafua sare, nalala saa tano. Kesho hivyo hivyo. Juzi nilikosea tarehe kwenye risiti ya mteja, na sikukosea siku, nilikosea mwezi. Bosi aliponionyesha, wala sikushtuka. Kwani mwezi uliopita na huu una tofauti gani?

Zamani sikuwa hivi. Nilikuwa nadarizi mashuka. Bibi yangu alinifundisha nikiwa msichana, na foronya zangu zilisifiwa mtaa mzima. Watu wakaanza kuagiza, nami nikaona ni riziki. Mwishowe nikawa nakesha nadarizi mashuka ya harusi za watu nisiowajua, kwa rangi walizochagua wao, na wengine wakachukua mzigo bila kumalizia hela. Siku moja niliisukuma fremu chini ya kitanda na sijaitoa tena. Ni miaka sasa.

Dawa za mitandaoni nimezijaribu. Wanasema tafuta furaha katika vitu vidogo, washa mshumaa, nunua daftari zuri, kila usiku andika mambo matatu unayoyashukuru. Nikanunua daftari. Siku ya kwanza niliandika: watoto, afya, kazi. Ya pili: watoto, afya, kazi. Ya tatu niliandika "kama jana". Sasa yule mdogo anachoramo magari.

Nyumbani tunaishi na mama mkwe, alikuja kutoka Mafia baada ya baba mkwe kufariki. Sina ugomvi naye, ila na yeye mazungumzo yake ni yaleyale, upepo na maji. Nikirudi nimechoka ananiuliza, "Maji yalikuwaje leo?" Namjibu, "Maji ni maji, mama." Anacheka kidogo, ananyamaza.

Mama, mimi ninaumwa? Au nimezeeka kabla ya wakati, na nina miaka 39 tu? Ninachotaka ni kuamka siku moja nikiwa na hamu ya siku yenyewe.

Mvuka Maji, Kigamboni

*

Marahaba mwanangu.

Aibu iweke pembeni. Barua ya mume aliyekimbia hunichukua jioni moja kuijibu, hii yako imenikalisha. Na dada yako mwambie kwamba mtu kusema "sihisi kitu" hajakufuru, ametoa taarifa.

Nianze na swali lako la ugonjwa, kwa sababu hilo si la kupita juujuu. Sikuoni, na mimi si daktari. Lakini kutohisi kitu ni mojawapo ya dalili za sonona, hata pasipo machozi. Kwa hiyo jipime kwa ukweli. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hakuna kinachokuvutia, na pamoja na hilo usingizi haupatikani hata ukipata nafasi ya kulala, chakula hakipiti au unakula bila kiasi, unajiona huna thamani, akili haitulii kwenye kazi, au yanakujia mawazo ya kufa, basi usingoje ushauri wa gazetini. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Wakiona haja watakupeleka mbele. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na wanaokwenda pale ni watu kama mimi na wewe, wenye kazi na watoto. Na kama mawazo ya kujidhuru yapo, nenda leo hii, tena usiende peke yako. Ile risiti ya mwezi uliokosewa imenifanya niandike aya hii ndefu kuliko nilivyotaka.

Kama hayo hayapo, tuendelee.

Umeandika mwenyewe kwamba unalala saa tano na kuamka saa kumi. Hizo ni saa 5 za usingizi, siku za kazi zote. Mwanangu, hapo hatujafika kwenye furaha bado. Mtu wa saa 5 hata akiletewa tarabu mlangoni atauliza wanaondoka saa ngapi. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chochote cha kukupendeza, tafuta saa moja ya kulala. Na ipo, nimeiona ndani ya barua yako. Mtoto wako wa kidato cha pili, hukusema ni wa kike au wa kiume na hapa haijalishi, ana mikono miwili na anaweza kufua sare yake na ya mdogo wake. Vyombo vya usiku ni vya hao hao wawili kwa zamu. Mumeo naye anaweza kujifungia chakula chake, sufuria anajua ilipo.

Na kuhusu huyo mume, umemsifu kwamba hakupigi wala hakutukani. Hiyo si sifa ya mume, hilo ni sharti la kuishi na mtu yeyote yule. Naamini ni mwema kama unavyosema, basi wema huo upewe kazi ya kufanya.

Sasa lile daftari. Sitaki ujilaumu, kwa sababu halikukufaa kwa sababu ya wazi kabisa. Watoto, afya na kazi ni mambo makubwa, na ubora wake ni kwamba leo yapo kama jana. Ungetaka yabadilike? Hutaki. Lakini jicho la binadamu limeumbwa kushika kinachobadilika, kisichobadilika linakizoea na kukiacha. Kwa hiyo walikuambia ushangae kila usiku kwa kitu ambacho dua yako kila asubuhi ni kwamba kisibadilike. Ungeandika nini zaidi ya "kama jana"? Mimi naona ulijibu vizuri sana.

Na mishumaa hiyo, sina neno. Kigamboni umeme ukikatika mtaiwasha tu.

Unachohitaji ni kitu kinachobadilika chenyewe kila siku, bila wewe kukihangaikia wala kukilipia, na mabadiliko yake yawe na sababu ambayo mtu anaweza kuijua. Sharti la pili ndilo lenye uzito. Kutazama tu kunachosha haraka, hata bahari. Mtu hupata raha anapotazama kitu huku akijua kwa nini leo kiko hivi, na akikisia kesho kitakuwaje. Na kitu hicho wewe kiko chini ya miguu yako mara mbili kwa siku, na nyumbani kwako anaishi mwalimu wake, ambaye kila jioni anakuuliza swali na wewe unamfungia mlango.

"Maji ni maji." Hebu nikuambie kwa nini umefikia kusema hivyo, na nadhani mama mkwe wako anaijua sababu, ndiyo maana anacheka. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mzunguko wa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita kama saa 12 na dakika 25. Wewe unavuka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na jioni unavuka tena kwenye saa hizo hizo. Yaani ukiyaacha yamejaa asubuhi, jioni unayakuta yamejaa. Ukiyaacha yamekupwa, unayakuta yamekupwa. Katikati yameshuka na kupanda wewe ukiwa stoo unahesabu nondo. Umechaguliwa saa mbili za siku ambazo bahari inaonekana kana kwamba haijatikisika.

Lakini kila siku yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Kwa hiyo ukipita saa ileile kwa wiki nzima, yale uliyoyakuta yamejaa Jumatatu, Jumatatu ya pili utayakuta yamekupwa, na ya tatu yamejaa tena. Si lazima uniamini, angalia lango la kivuko linapotua Magogoni. Siku maji yakiwa juu, unashuka, hatua chache tu uko kwenye zege kavu. Siku yakiwa chini, mteremko umekuwa mrefu, zege limelowa na lina utelezi wa kijani wa mwani, na akina mama wa matenga wanapanda wakihema na kulaani. Umeshapanda mteremko huo mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Hesabu hatua zako kesho, kutoka langoni mpaka zege linapokauka, na keshokutwa tena.

Hapo sasa ingia ndani zaidi. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji katika mstari mmoja, na siku moja mbili baadaye tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, hapa Dar tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, wanavutana pembeni, tunapata maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, ambayo sina shaka ipo nyumbani kwako au dukani, ni jedwali tosha la maji. Bamvua litafute kuanzia tarehe mosi hadi tatu ya mwezi wa Kiislamu, na kumi na tano hadi kumi na saba. Maji mafu yanazunguka tarehe nane na ishirini na mbili, na siku mbili zinazofuata. Na siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa nne. Wewe unaamka saa kumi alfajiri. Siku hizo, unapowasha jiko, bahari nayo imejaa mpaka pomoni. Sikuambii ujisikie vyovyote kuhusu hilo, nakuambia tu ujue.

Tuje kwenye dagaa wako "kama wapo". Umeandika kwamba kuna siku hakuna, bila sababu. Sababu ipo na iko juu ya kichwa chako. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Boti inawasha taa juu ya maji, samaki wanaifuata, wanazungushiwa nyavu. Mwezi unapokuwa mpevu bahari yote ina mwanga, taa ya mvuvi haina cha kuwaambia dagaa, na boti nyingi hupumzika. Ndiyo maana wavuvi wana siku za giza na siku za mbalamwezi, na mfuko wako unafuata kalenda hiyo hiyo bila wewe kujua. Ukitaka kumshangaza muuzaji wako pale Feri, mwambie siku nne kabla kwamba wiki ijayo dagaa watapungua. Atakuuliza wewe ni wa wapi.

Na jua je? Mwezi Julai, hapa Dar huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu, maana yake linatoka wewe ukiwa kivukoni. Mwanzoni mwa Novemba linakutangulia kwa zaidi ya nusu saa, unalikuta limeshapanda na linakuchoma shingo. Upepo nao una zamu. Kaskazi huja kama Desemba na kukaa mpaka Machi, kisha kusi hushika mpaka Oktoba hivi, na mama mkwe wako akisimama uani anaujua kwa shavu. Hata wale kunguru wenye shingo ya kijivu wanaopora vitumbua pale Feri hawakuwa wa hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, wakaona kisiwa hakiwatoshi.

Simu nayo, ukiwa kivukoni, itumbukize mkobani. Vibaka watakosa riziki, lakini hilo si langu.

Najua kuna msomaji wa Dodoma au Tabora anayeniuliza yeye bahari ataitoa wapi. Hahitaji. Jirani yangu, fundi cherehani ambaye miguu haimruhusu tena kutembea mbali, amehamishia kiti chake dirishani kwa sababu ya mnana. Dume la mnana huchana majani membamba na kusuka kiota kinachoning'inia, akikimaliza anajining'iniza chini yake akipigapiga mabawa kumwita jike. Jike anaingia, anakagua, anatoka. Akikikataa, kiota kikikauka na kupoteza ukijani wake, dume analazimika kukibomoa na kuanza upya. Fundi wangu huyo anajua ni kiota kipi kimekataliwa na kipi kimekubaliwa, na mkewe akimletea chai anapewa habari kama za uchaguzi. Mti wa mnana upo Dodoma pia, kwenye migunga. Tena si lazima awe ndege. Iwe papai linaloiva uani, au bei ya nyanya sokoni na mvua iliyoisababisha. Kinachotakiwa ni kiwe kinakwenda, na wewe uwe unakifuatilia.

Turudi kwa mama mkwe wako, maana hapo ndipo nilipokaa sana na barua yako. Mwanamke aliyezeekea Mafia hakuyajua maji kwa kuyaangalia. Huko pwani akina mama hushuka na vijiti siku za bamvua, maji yakikupwa mbali, kutafuta pweza na chaza kwenye miamba, na mwenye kukosea saa anarudi na kapu tupu au anarudi ameloa mpaka kifuani. Inawezekana yeye alikuwa mmoja wao, muulize. Sasa ameletwa kwenye nyumba ya matofali, pengine bahari haioni hata kwa mbali, na mtu pekee katika nyumba hiyo anayeigusa kila siku ni wewe. Akikuuliza maji yalikuwaje, anauliza habari za nyumbani kwao. Usimjibu kwa huruma, huruma ataitambua na hataipenda. Mjibu kwa hesabu. "Nilipanda hatua kumi na saba kwenye utelezi, mama." Kisha kaa chini umsikilize atakavyokusahihisha.

Na ukipata Jumapili yenye bamvua, zile nguo mwachie mwingine, mchukue mwende ufukweni saa mbili asubuhi maji yakiwa yanatoka. Saa nne yatakuwa mbali kabisa. Watoto waje na ndoo. Mumeo akitaka aje, akitaka abaki na mpira wake.

Limebaki la fremu iliyo chini ya kitanda.

Sitakuambia urudie kudarizi kwa sababu ni kipaji na kipaji hakifukiwi. Hiyo ndiyo lugha iliyokukesheza na mashuka ya watu wasiolipa. Tunayo tabia siku hizi, mtu akipika vitumbua vizuri tunamwambia afungue biashara, akisuka vizuri afungue saluni, akiimba bafuni tunamtafutia studio. Biashara ni kitu kizuri, mimi mwenyewe nimesomesha watoto kwa maandazi, lakini yale maandazi sikuyapenda hata siku moja, na sikutakiwa kuyapenda. Mashuka ulikuwa unayapenda. Kazi iliyokuwa pumziko lako iligeuka zamu ya tatu baada ya duka na nyumba, na rangi ukachaguliwa na mteja. Hukuchoka kudarizi, ulichoka kudaiwa.

Kwa hiyo nina pendekezo moja dogo, nawe ulitumie utakavyo. Itoe fremu. Tafuta kitambaa cheupe cha foronya moja tu, si shuka. Kila jioni, baada ya watoto kuosha vyombo, darizi mstari mmoja wa wima, mshono wowote ule ambao mikono inaukumbuka. Urefu wa mstari ufuate maji uliyoyakuta siku hiyo: yakiwa juu, mrefu, yakiwa chini, mfupi. Rangi chagua kwa kuangalia maji yenyewe yalikuwaje asubuhi, maana si ya buluu kila siku kama wanavyochora watoto. Siku za mvua kubwa yanakuja na tope, siku nyingine yana rangi ya risasi, na kuna asubuhi za Julai yanapoguswa na jua pembeni tu. Hamna uzi wa rangi hiyo dukani? Changanya nyuzi mbili kwenye sindano moja. Siku ukichoka, acha nafasi, nayo ni siku. Kwa mwezi mmoja mistari itapanda na kushuka kama mara mbili bila wewe kubuni chochote, na hakuna foronya nyingine yenye ua hilo Dar es Salaam nzima. Kazi yenyewe haizidi dakika kumi, nami nimeshakutafutia saa moja ya kulala, usiiguse hiyo.

Najua kitakachotokea. Jirani ataingia, ataiona, atauliza ni ua gani hilo, na kabla hujajibu atataka na yeye, pea nzima, za harusi ya mdogo wake. Mwambie haiuzwi. Hataamini, kwa sababu kila kitu kinauzwa. Atakuambia ana hela taslimu. Hapo mtajie bei ambayo hata wewe ungeona haya kuilipa, na akifungua pochi, iongeze.